Hispania Ipo Kushoto kwa Roboti

Wiki iliyopita jirani yangu, mwanamke mnene mwenye haraka zake ambaye ameamua kujifunza baiskeli uzeeni, alikuwa ameketi kwenye ngazi za ghorofa letu akisugua cheni kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Nilikuwa nimetoka sokoni. Ile harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na grisi nyeusi ilinishika pale pale, nikasimama na mifuko mikononi mpaka vidole vikaanza kuuma. Jirani akaniuliza kama nimesahau kitu dukani. Nikamwambia hapana, nikapanda zangu juu, nikabandika maji ya chai na kukaa jikoni mpaka yakakauka.

Kwa watu wengi harufu hiyo ni ya chemli, au ya jiko la siku umeme umekatika. Kwangu mimi ni harufu ya Hispania. Mume wangu huicheka kila ninapoisema, kwa sababu anajua sijawahi kukanyaga Hispania wala kuomba viza ya huko. Lakini nyie wa rika langu, hasa ambao wazazi wenu walikutana ukimbizini, mnajua kwamba mtoto hakulii mahali anapoishi tu. Hukulia pia pale wazazi wake wanapopataja.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao wakapokelewa Morogoro. Mama ni Mluguru wa Mgeta, juu kabisa milimani, na alikuwa ameshuka bondeni kufanya kazi ya usaidizi katika hospitali ya wakimbizi hao. Walioana, nikazaliwa mimi, na nchi ya baba ilipofunguka tukafunga mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa nguo, sufuria za mama, na baiskeli.

Hiyo baiskeli ina historia yake. Hospitalini alikuwapo muuguzi mmoja Mhispania, Pilar, aliyekuja kujitolea. Alikuja na baiskeli mbili za kwao, nyepesi, matairi membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Siku zao za mapumziko alimfundisha mama kuendesha, na walipozoeana wakawa wanatoka pamoja alfajiri kuipanda barabara ya milimani. Pilar alipoondoka alimwachia mama moja. Ilikuwa ya buluu, na breki zake zilipiga kelele.

Tulifikia Soweto, nyumbani kwa Gogo, mama yake baba. Nataka nimtendee haki Gogo, kwa sababu nilimpenda, lakini miezi ile ya mwanzo hakuwa mtu rahisi. Alikuwa amemngoja mwanawe miaka mingi, akiwa amempangia na mke kabisa, binti wa kanisani kwao. Badala yake akaletewa mwanamke asiyejua Kizulu, na mtoto mwenye lafudhi. Alifanya ambacho mwanamke wa heshima hufanya anapoletewa asichokitaka. Alianza kukifundisha.

Mama akawa makoti, yaani bi harusi wa nyumba ile. Makoti ana sheria zake. Kichwa kifungwe kitambaa, mabega yafunikwe shali hata joto liwe vipi, sketi ifike chini, aamke wa kwanza, chai aipeleke akiwa amepiga magoti. Mama hakuona shida hapo. Hata kwetu mtu hupiga goti. Kilichomkaa kooni kilikuwa kingine. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume akioa ndiye anayejisogeza kwa wakweze. Huku mambo yalikuwa yamegeuzwa juu chini. Mara ya kwanza mama alipotamka mezani, kwa Kizulu chake cha kuokoteza, kwamba kwao msimu huu watu wanavuna njegere, Gogo aliweka kijiko chini.

"Makoti," akasema, "ikhaya lakho lilapha."

Kwenu ni hapa. Mimi ndiye niliyemtafsiria mama, kwa sababu lugha ile iliniingia kwa wiki chache tu za kucheza barabarani, na tangu hapo nikawa mdomo na masikio ya nyumba nzima. Gogo hakusema kwa ukali. Alieleza tu, kwa upole wa mwalimu, kwamba makoti anayetaja kwao kila siku anawaambia majirani kuwa hapa anateswa. Mama akasema amesikia. Sikumsikia akiitaja Mgeta tena.

Sheria nyingine ilikuwa ya baiskeli. Makoti hapandi baiskeli, magoti yake si ya kuonwa na barabara. Basi ile buluu ikawekwa nyuma ya nyumba, chini ya bati. Ila hakuna aliyesema makoti asiisafishe.

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, vyombo vikishaoshwa, mama aliigeuza baiskeli kichwa chini, ikakaa kwenye kiti chake na usukani wake, magurudumu yakitazama mbingu. Yeye alishika mswaki na kopo la mafuta ya taa. Mimi nilizungusha pedali kwa mkono. Cheni ikipita mbele yake, naye akisugua, alinisimulia safari.

"Leo tunaanzia wapi?" alikuwa akiniuliza.

"Kwenye mlozi."

"Haya. Zungusha taratibu basi, huo ni mwanzo wa mlima."

Ilikuwa njia ya Pilar, barabara nyembamba ya lami inayopita vijiji vya milimani huko kwao. Majina ya Kihispania mama hakuyashika hata moja. Alivijua vijiji kwa vitu vyake tu, na nami nikavijua hivyo hivyo. Cha kwanza kilikuwa Kijiji cha Mlozi, ambako miti huchanua maua meupe kabla ya kuota jani, na mbwa hulala katikati ya barabara kwa sababu hakuna gari la kumwamsha. Ukikitoka unafuata mteremko. Hapo nilitakiwa kuacha pedali, tukasikiliza gurudumu likizunguka lenyewe kwa mlio wa panzi. Kisha Kijiji cha Mikate. Huko hakuna duka. Gari la mkate hupanda asubuhi na kupiga honi, na vikongwe hutoka na mifuko ya nguo. Kisha kile cha madirisha yaliyofungwa, ambako watu wote hulala mchana na mpanda baiskeli hupita polepole asiwaamshe. Uwanjani pana chemchemi ya mawe, maji ya baridi yanayouma meno, na hapo mtu hujaza chupa. Halafu kona nyingi za kupanda, moja juu ya nyingine, mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima. Halafu Kijiji cha Kengele. Mwisho kabisa, juu ya ukungu, kijiji ambacho mama hakukipa jina. Mlangoni mwake pana jiwe, na juu ya jiwe ameketi mwanamke mzee.

"Anafanya nini?" niliuliza kila mara, ingawa nililijua jibu.

"Anaangalia barabara. Watoto wake wameshukia mijini. Kila anayepita humwuliza, hujawaona wangu?"

"Kwa nini hawarudi?"

"Watarudi. Kawia ufike, mwanangu. Zungusha."

Nilidhani tunasafiri kweli. Nilijua baiskeli haijasogea, sikuwa mjinga kiasi hicho, lakini niliamini kuna namna ya watu wazima ya kwenda mahali, na kwamba mama alikuwa akiifanya mbele yangu. Shuleni nilimwambia mwalimu kwamba familia yetu ilitoka Tanzania ikapitia Hispania kwa baiskeli. Mwalimu, Mungu ambariki, akasema ni vizuri kufanya mazoezi.

Chumba cha Gogo kilikuwa na dirisha upande ule wa nyuma. Kwa muda mrefu lilikuwa wazi kidogo na kimya. Jumamosi moja sauti ikatoka.

"Mzukulu, mama yako anasema nini siku zote hapo?"

Mzukulu ni mjukuu. Nikamwambia ni njia ya Hispania, vijiji, milima, mkate.

"Barabara ya milimani?"

"Ndiyo, Gogo."

Tulikuwa tumeshafika kwenye chemchemi aliposema tena, "Siphi manje?" Maana yake, tuko wapi sasa. Nikamtafsiria mama. Mswaki ukasimama. Mama akanitazama mimi, akatazama dirisha, akasema, "Mwambie tunajaza maji." Nikamwambia. Ikawa desturi tangu siku hiyo. Mama akisimulia kwa Kiswahili nje, mimi nikitafsiri, Gogo kitandani kwake na magoti yake yenye baridi yabisi, akiuliza siphi manje kila tulipotulia. Wawili wale, ambao mezani walikuwa wakipeana chumvi kama watu wa ofisini, Jumamosi walisafiri pamoja bila kuonana.

Siku moja tulikuwa tumekivuka kijiji cha kengele. Gogo akasema, "Mwambie hapo kabla ya kile cha juu kuna kijiji kingine. Cha farasi."

"Gogo anasema kuna kijiji cha farasi."

"Kipoje?" mama akauliza, na nadhani alikuwa akitabasamu.

Gogo akaeleza. Wanaume wamejifunga mablanketi, wamepanda farasi wafupi. Wakati wa baridi theluji hulala juu ya majabali mpaka yakawa kama watu waliovaa mashuka. Mto ni mdogo, farasi hunywa upande wa chini na watu upande wa juu, na wasichana wanaoteka maji hukatazwa kuimba mpaka ndoo zijae. Nilitafsiri yote neno kwa neno, bila kujiuliza Gogo ameyajuaje. Nilihitimisha tu kwamba kumbe na yeye amewahi kufika Hispania. Kwa akili yangu kila mtu mzima alikuwa amewahi kufika. Ni zamu yangu tu iliyokuwa haijafika.

Mama hakubisha. Kuanzia hapo kijiji cha farasi kikawa kituo, katikati ya kengele na jiwe, na hatukukiruka hata siku moja.

Sasa niseme jinsi nilivyojua Hispania iko upande gani. Breki za baiskeli zilikwisha, na baba akasema tuipeleke Jeppestown, mtaa wa karakana mashariki ya jiji, ambako yeye mwenyewe alikuwa amepata kazi ya kunyoosha mabodi ya magari. Jirani na karakana yao alikuwapo fundi wa baiskeli, Mkongo wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu majira yote. Tulikwenda kwa treni, mama akiikumbatia baiskeli muda wote. Fundi akaisalimia kabla ya kutusalimia sisi.

"Ii kinga iko ya bien, mama. Ni freins tu njo zimechoka. Mulitoka nayo wapi?"

Mama aliposikia Kiswahili, hata kile, uso ulimfunguka. Alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Morogoro. Wakaongea wee, huyu akisema baiskeli, yule akisema kinga, kila mmoja akimsahihisha mwenzake kwa furaha.

"Na unaendaka nayo wapi?" fundi akauliza mwishoni, akimpa usukani.

"Hispania," mama akasema.

Fundi hakupepesa jicho. "Aa, ni hapa tu. Ukifika ku robot, ukamate gauche, njo unaingia."

Wakacheka wote, na baba mlangoni akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiweka akilini. Roboti ndiyo taa za barabarani, na mwisho wa barabara yetu Soweto ilikuwapo moja. Gauche nilimwuliza baba ndani ya treni, akaniambia ni kushoto. Na ukifika kwenye roboti yetu ukatazama kushoto, unaona nini? Unaona milima. Ilikuwa ya njano, imesimama wima, kileleni imekatwa bapa. Leo najua ni vilima vya mchanga uliotolewa migodini, uchafu wa dhahabu ya watu wengine. Wakati ule nilijua ni Hispania, na kwamba ilikuwa karibu kuliko nilivyofikiri. Nililala vibaya usiku huo, kwa sababu mahali pa mbali hapamchukui mama yako, lakini pa karibu panaweza.

Simu ilikuja mwisho wa majira ya baridi. Tulikuwa tukipigiwa kwenye spaza ya jirani, kaduka ka dirishani, na mtoto wake alikuja kumwita mama. Aliyepiga alikuwa mjomba, kutoka Morogoro mjini. Bibi yangu wa Mgeta, mama yake mama, alikuwa ameanguka shambani na hainuki kitandani. Mama alirudi akapika. Alingoja baba ale, kisha akamwambia mbele ya Gogo kwamba anaomba aende.

Baba alijifuta mikono pole pole. Alikuwa mtu mwema, ila ni wa wale watu wema wanaoamini kila jambo litatengemaa likisubiriwa. "Eish, mama watoto," akasema, ingawa mtoto nilikuwa mimi peke yangu. "Wiki hizi karakana imejaa. Subiri Desemba. Desemba wanafunga, tutakwenda wote kama inavyotakiwa."

"Desemba ni mbali."

"Ukienda peke yako watu watasema tumekufukuza."

Mama akamtazama Gogo. Nadhani alitarajia Gogo aongezee neno la sheria, na mimi nilikuwa tayari na tafsiri. Gogo alikuwa akitazama kitambaa cha meza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Alasiri ilipofika nilikwenda nyuma ya nyumba nikakuta baiskeli imesimama wima. Mama hakuwa na mswaki wala kopo. Alikuwa amefunga shali kiunoni badala ya mabegani, na pindo la sketi amelichomeka. Akanibusu kichwani. Alinukia mafuta ya taa. Akaisukuma baiskeli mpaka getini, akapanda, na mbele ya macho ya barabara nzima, makoti na magoti yake, akaondoka. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walimpisha. Nilikimbia mpaka katikati ya njia nikamwona akifika kwenye roboti. Ilikuwa nyekundu. Alisubiri kama mtu mwenye adabu zake, ikawa kijani, na akakata kushoto.

Sikulia hapo. Nilirudi getini. Gogo alikuwa ameshatoka, ameegemea nguzo, hata fimbo hakukumbuka kuichukua.

"Amekwenda wapi?"

"Hispania," nikasema, na hapo ndipo nililia.

Gogo hakunicheka. Aliniomba nimletee kiti, akaketi getini akiitazama ile roboti, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimeshazidi mapaja yake. "Nieleze anavyokwenda," akasema. "Anaanzia wapi?"

Nikaanza. Kwenye mlozi, Gogo. Mbwa amelala barabarani. Alinitaka niende polepole. Jirani mmoja alipita akauliza kama yule aliyemwona juu ya baiskeli ni makoti wenu, na Gogo akamjibu, "Ndiye. Mbona?" kwa sauti iliyomfanya jirani akumbuke ana chungu jikoni. Tukaendelea. Mikate, madirisha, chemchemi, kona. Jua lilianza kuegemea. Nilipofika kwenye farasi nilisimama, kwa sababu baada ya farasi kilibaki kijiji kimoja tu, na mama akikifikia safari imekwisha na sitajua la kusema.

"Hapo atapumzika," Gogo akasema, akaipokea hadithi kinywani mwangu. "Mama yangu atampa maziwa ya mgando. Hamwachi mgeni apite na kiu." Akaniweka vizuri mapajani. "Mzukulu, mimi nililetwa mjini huku nikiwa makoti kama yeye. Nikaletewa habari kwamba mama anaumwa. Nikaambiwa nisubiri Desemba."

"Ukasubiri?"

"Nikasubiri. Nilikuwa mtiifu sana."

Nilimwuliza kama mama yake bado anakaa huko Hispania. Akasema ndiyo, bado yupo. Nilimwamini, na nikatulia kidogo, kwa sababu kumbe mama alikuwa na mtu wa kumpokea.

Mama alirudi akiisukuma baiskeli, tairi la nyuma limeisha upepo, vumbi la njano mpaka kwenye nyusi. Alisimama nje ya geti asiingie, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Baba alikuwa amesharudi kutoka mpirani na alikuwa amesimama nyuma yetu bila kujua aweke wapi mikono.

"Nisamehe, Mama," mama akasema kwa Kizulu chake. "Nilitaka kufika mahali pa juu tu."

"Ulifika?" Gogo akauliza.

"Hapana. Mchanga ulikataa."

Gogo alinyanyuka kwa shida, akaishika baiskeli kwenye usukani, akaivuta ndani ya geti yeye mwenyewe, mwanamke aliyekuwa haruhusu makoti aipande. Kisha akamgeukia baba. Aliyosema sikuambiwa nitafsiri, lakini niliyasikia. "Hakuna Desemba. Kesho unakwenda kumtafutia basi. Mimi nitasema na majirani."

Usiku ule alimpelekea mama maji ya kuoga miguu, kwenye beseni. Alipiga goti kuliweka chini na magoti yalimtesa, na mama alijaribu kumzuia. Gogo alimwambia anyamaze. Mama aliweka miguu majini akalia bila kujificha, na Gogo akakaa naye mpaka maji yakapoa.

Alikwenda peke yake. Gogo alisema mtoto abaki, na baiskeli ibaki, ili mwenye vitu ajue anakorudi. Najua sasa kwamba aliogopa kama mimi. Kila Jumamosi niliigeuza baiskeli kichwa chini mwenyewe, nikazungusha pedali, na dirishani sauti ikauliza, siphi manje? Tulikuwa tukienda polepole kuliko mama, tukisimama kila mahali, na hatukuthubutu kufika kwenye jiwe. Tuliishia kwa farasi. Alasiri moja, miti ya mitaani ikiwa imeanza kuota majani, mama akaingia getini na kikapu cha njegere kichwani, amekonda, anacheka. Bibi alikuwa ameinuka, alikuwa ameketi nje anaota jua. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi na Gogo tuliomzungusha mpaka akarudi. Sijaona sababu nzito ya kuacha kuamini.

Baada ya hapo makoti alipanda baiskeli. Alikwenda nayo dukani, alikwenda nayo kanisani, shali mabegani, magoti hadharani. Gogo alikuwa akiwaambia wenzake wa kanisani kwamba mkwewe amefundishwa na Wazungu wa Hispania kwenye milima yenyewe, na anayetaka kusema kitu aseme.

Mgeta yenyewe niliiona nilipomaliza shule. Gogo tulikuwa tumeshamzika, na Bibi alikuwa bado hai, macho yamefifia. Mama na mimi tulipanda kutoka Mlali katika pikapu iliyokuwa ikirudi mlimani tupu baada ya kushusha mboga sokoni. Tulikaa mbele na dereva. Barabara ilianza kupanda, na mimi nikaanza kuona vitu ninavyovijua.

Mashamba yamekatwa ngazi ngazi. Kona moja juu ya nyingine. Chemchemi kwenye mawe, watu wamepanga ndoo, na dereva aliposimama kuongeza maji kwenye rejeta nilinawa, yakaniuma meno nilipoyaonja. Tulipopita kanisani kengele ililia. Nilimgeukia mama. Alikuwa akitazama mbele, anabana tabasamu kama mtoto aliyefumwa na sukari.

"Mama, hii ni Hispania."

"Mlozi ni wa Pilar," akasema. "Na mikate, na madirisha. Ila alikuwa akinisimulia kwao huku tunapanda kwetu, kwenye barabara hii hii. Baadaye nilipokumbuka sikuweza tena kuzitenganisha njia hizo mbili." Akavuta mtandio wake. "Na katika nyumba ile nisingeweza kuitaja Mgeta. Hispania hakuna aliyeikataza."

Niliuliza kuhusu mwanamke wa kwenye jiwe, ingawa nililijua jibu, kama zamani. Akasema mjomba amepiga simu asubuhi, Bibi ameshatolewa nje, ameketi, anauliza kila gari. Nilimsikia mama akipumua kwa haraka. Miaka yote hiyo, na zilikuwa zimebaki kona chache.

Tuliacha kanisa nyuma. Barabara ikaingia kwenye ukungu, hakuna nyumba, hakuna mtu, upande mmoja korongo na upande mwingine kijito chembamba kinachovuka njia. Mama akamgusa dereva begani.

"Baba, naomba usimame hapa kidogo."

Dereva akatazama nje, akatutazama. "Hapa hakuna kitu, mama. Kijiji ni pale juu."

"Najua."

"Kuna mtu anashuka?"

"Hakuna anayeshuka," mama akasema. "Hapa ndipo kwa farasi. Mama mkwe wangu anakunywa maji."

Dereva alinitazama mimi, nadhani akitaka nimtafsirie. Akavuta breki ya mkono, akazima gari, na tukamngoja.